UZI: AutoCAD LT inanipa udongo m³ 21,300, fomeni anasema haufiki 900. Nani anakosea hapa?

#1 Mpiga Leveli, Lindi

Habari za jioni wakuu.

Nipo kwenye kikampuni kidogo, tunachonga barabara ya kuingilia shamba la mtu, inachepuka kutoka barabara kuu ya Mingoyo kwenda Mtama. Si ndefu, ila kuna kijilima lazima tukikate, kuanzia cheneji (umbali toka mwanzo wa barabara) 0+100 mpaka 0+200, yaani mita 100 mpaka 200. Mwenye shamba anataka kujua kesho kutwa utatoka udongo kiasi gani, maana mwingine anataka ajazie bondeni na unaobaki ausombe.

Mimi si mhandisi, nimesoma ufundi sanifu, ofisini nachora. Tuna AutoCAD LT basi, programu ya kuchorea. Civil 3D, ile inayokokotoa udongo yenyewe, naisikia kwa wenzangu tu. Nimepiga leveli (kupima usawa wa ardhi) kila mita 20, mita 15 kulia na mita 15 kushoto kwa senta laini, mstari wa katikati ya barabara. Nikachora krosi seksheni (mikato ya kukingama barabara), nikaweka barabara upana m 8, slopu za pembeni 1:1.5 (kupanda 1, kwenda pembeni 1.5), nikafunga polilaini, nikaandika AREA, nikachagua Object, nikanakili eneo. Halafu wastani wa mikato miwili inayofuatana mara 20.

Vina vya kukata pale kati (m), na maeneo niliyopata (m²):

0+100: kina 0, eneo 0
0+120: kina 0.6, eneo 102
0+140: kina 1.2, eneo 312
0+160: kina 1.5, eneo 457.5
0+180: kina 0.9, eneo 193.5
0+200: kina 0, eneo 0

Jumla m³ 21,300. Nikampelekea fomeni. Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Kijana, kwa kijilima hiki? Umechimba ukatokea Msumbiji?" Yeye kwa macho tu anasema 800 na kitu. Hajawahi kugusa kompyuta. Nimeanza mchana kutafuta kosa, silioni. Msaada tafadhali.

#2 Uraka Baridi

Naweka kiti hapa nasubiri wataalamu. Ila 21,300 kwa tipa za mita 10 ni safari elfu mbili na ushee, mwenye shamba atauza korosho za miaka mitano alipie dizeli.

#3 Kidole Kipanya

Mkuu hilo dogo sana. Bila shaka umechukua kiolezo cha longi seksheni (mkato wa urefu wa barabara) ukachorea krosi seksheni. Kile kimekuzwa kwenda juu, mlalo 1:1000, wima 1:100. Kina cha m 1.2 kwenye skrini kimesimama kama m 12. Programu haijui kwamba umekuza, inapima ilichokiona. Gawanya kila kitu kwa 10, unapata 2,130. Tumemaliza.

#4 Mpiga Leveli

Mkuu #3 heshima yako, ni kweli kabisa, kiolezo ni kile cha longi seksheni. Sikuwaza kabisa.

Lakini 2,130 nimempigia fomeni simu, anasema bado nyingi mno. Na mimi nikiangalia kijilima chenyewe naona ana haki. Au yeye ndiye anakadiria chini?

#5 Kidole Kipanya

Fomeni anakadiria kwa macho, wewe umepima kwa leveli. Mwamini leveli.

#6 Binti Shangani, Mtwara

Ngoja kwanza. Kugawanya kwa 10 hapa hakutoshi, na 2,130 si sahihi.

Mpiga Leveli, fungua mchoro wako wa 0+140 upime upana wa mdomo wa juu wa mkato, kule slopu zinapokutana na ardhi. Nabashiri utakuta m 44.

#7 Mpiga Leveli

Dada umejuaje?? 44 kamili. Na hapo nakumbuka kitu: mstari wa ardhi ulikuwa mfupi kwa sababu tulipima mita 15 tu kila upande, nikaurefusha kwa mkono ili slopu ifike. Nikajua wapimaji ndio hawakufika mbali.

#8 Binti Shangani

Basi kosa ndilo hilo. Ulipolazimika kurefusha ardhi, mchoro ulikuwa unakupigia kelele.

Ardhi umeichora ikiwa imekuzwa mara 10 kwenda juu. Slopu za barabara ukazichora 1:1.5 za kawaida, bila kuzikuza. Kwa hiyo kina cha m 1.2 kimekuwa 12, na slopu yako ikapanda 12 huku ikitembea pembeni 18. Kila upande 18, jumla 36, ongeza 8, ndio 44. Uhalisia kina cha 1.2 kinatembea pembeni 1.8 tu, mdomo unakuwa 8 + 1.8 + 1.8 = m 11.6.

Kama ungekuza vyote kwa pamoja, slopu nayo ungeichora kupanda 10 kwa kila 1.5, hapo eneo lingekuwa limezidi mara 10 tu na Kidole Kipanya angekuwa sahihi. Ila umechanganya viwili kwenye mchoro mmoja, na ukubwa wa kosa unabadilika mkato kwa mkato. Ona:

Ardhi ikiwa bapa kwa upana, eneo la mkato ni upana mara kina, jumlisha 1.5 mara kina mara kina. Kwa 0+140: 8 × 1.2 = 9.6, na 1.5 × 1.2 × 1.2 = 2.16. Jumla m² 11.76. Wewe umepata 312, ambayo ni mara 26 na nusu. Nenda 0+120: 4.8 + 0.54 = 5.34, wewe umepata 102, mara 19. Unaona? Hakuna namba moja ya kugawanyia. Mchoro huo uache, chora upya.

Na ukichora upya, chora 1:1, mita moja ni yuniti moja, juu na pembeni sawa. Mteja akitaka karatasi iliyokuzwa ili vilima vionekane, mkato ufanye bloku, uiingize pembeni Y ikiwa mara 10, umpe hiyo ya kutazama. Ya kupimia eneo usiiguse.

Kuhusu fomeni nitarudi, napika.

#9 Kidole Kipanya

Aisee. Nimekubali, slopu sikuziwaza.

#10 Mpiga Leveli

Nimechora upya usiku huu huu. Maeneo: 5.34, 11.76, 15.38, 8.42. Jumla yake 40.90, mara 20, ni m³ 818.

Mia nane kumi na nane!! Na mzee alisema mia nane na kitu akiwa amesimama juu ya kichuguu anakula muhogo.

#11 Planimita ya Zamani, Masasi

Mwanangu, mzee wako hakubahatisha, na sisi ndivyo tulivyofundishwa. Alitembea kijilima hatua mia, akaona katikati kimo kinafika kifuani na pembeni kinakwisha, akachukua kina cha wastani mita moja kasoro, tuseme 0.9. Upana wa chini 8, wa juu kumi na kitu, akachukua 9. Mia mara 0.9 mara 9 ni 810. Hesabu hiyo unaimaliza kabla muhogo haujapoa.

Enzi zetu krosi seksheni tulichora kwenye karatasi ya miraba, eneo ukahesabu miraba kwa penseli, nusu na nusu unaziunga. Ofisi iliyojiweza ilikuwa na planimita, kale kamkono ka chuma unakazungusha kwenye mpaka wa mchoro, gurudumu linakusomea eneo. Na yenyewe ilikuwa haijui skeli, unaizidishia mwenyewe. Kosa la kijana huyu nimeliona kwenye karatasi miaka mingi kabla ya kuliona kwenye skrini. Waliochonga njia ya reli ya karanga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea hawakuwa na kompyuta hata moja, na treni ilipita, ingawa reli yenyewe ikaja kung'olewa.

Ushauri wangu: kabla hujafungua laptopu, andika kwenye daftari makisio ya hatua mia. Ukiona kompyuta imekwenda mara mbili ya daftari, simama.

#12 Uraka Baridi

Mzee #11 shikamoo. Huu uzi umekuwa mtamu ghafla.

#13 Mchora Ramani

Naomba kutofautiana kidogo. Njia ya wastani wa maeneo mawili inazidisha, vitabu vyote vinasema. Sahihi ni ya prizimoidi: eneo la kwanza, jumlisha mara nne eneo la katikati, jumlisha la mwisho, mara urefu, gawanya kwa 6. Kijana asitoe 818 kama amri ya Musa.

#14 Binti Shangani

Uko sahihi, ila tuangalie inazidisha kiasi gani hapa. Kama kina kinabadilika taratibu kati ya mkato na mkato, kwa slopu ya 1.5 na umbali wa m 20, ziada ya kila kipande ni mara 5 ya mraba wa tofauti ya vina. Tofauti zake ni 0.6, 0.6, 0.3, 0.6 na 0.9. Miraba yake jumla 1.98, mara tano ni 9.9. Kwa hiyo prizimoidi inakupa 808 badala ya 818, karibu tipa moja. Leveli yenyewe ikikosea sentimita mbili tu kwenye uso wote wa m² elfu moja hivi, umeshapoteza m³ 20.

Pa kuogopa ni kwingine. Barabara ikipita ubavuni mwa mlima, upande mmoja unakata na mwingine unajaza, ule mkato ni pembetatu, na unapoelekea kwisha unakwisha kwa kina na kwa upana pia. Hiyo ni piramidi. Eneo likitoka m² 3 mpaka sifuri ndani ya m 20, wastani unakupa m³ 30, ukweli ni 20. Umezidisha kwa nusu nzima. Sehemu kama hizo weka mkato wa ziada pale kukata kunapokoma, na kipande cha mwisho gawanya kwa 3 badala ya 2.

Na kwenye mikato hiyo usije ukachukua kukata ukatoa kujaza palepale ukaandika tofauti. Kukata kunalipwa peke yake, kujaza peke yake. Mimi natumia leya (tabaka za mchoro) mbili, hachi nyekundu, yaani mistari ya kujazia eneo, za kukata, za kijani za kujaza. Ukichagua hachi nyekundu nyingi kwa mkupuo, dirisha la Properties linakuandikia jumla ya eneo lake kwenye Cumulative Area, nzuri kwa kuhakiki kwamba hukuruka mkato ulipokuwa unanakili kwenda Excel. Kama mpaka wa eneo haujafungwa vizuri, andika BOUNDARY ubonyeze katikati, ikikataa ujue kuna mwanya mahali.

Halafu faili ukipewa na mtu, pima kwanza kitu unachokijua. Kama barabara ya m 8 inasoma 8000, mchoro uko kwenye milimita, na eneo utaligawanya kwa milioni moja. Sio elfu. Elfu moja mara elfu moja.

#15 Korosho Safi, Tandahimba

Dada Binti Shangani samahani nadandia. Mimi sina barabara, nina uwanja wa ghala, m 30 kwa 20, nataka kuushusha uwe bapa. Hapo krosi seksheni nazichora vipi?

#16 Binti Shangani

Usichore. Gawa uwanja kwenye miraba ya m 10, utapata miraba 6 na vigingi 12. Piga leveli kila kigingi, toa usawa unaoutaka, una kina cha kukata kila kigingi. Kigingi cha kona kinahudumia mraba mmoja, cha pembeni miwili, cha ndani minne. Kwa hiyo jumla ya kona mara 1, jumla ya pembeni mara 2, jumla ya ndani mara 4, unajumlisha, unazidisha na eneo la mraba mmoja, unagawanya kwa 4.

Mfano: kona nne jumla yake 1.6, za pembeni sita 2.9, za ndani mbili 1.1. Inakuwa 1.6 + 5.8 + 4.4 = 11.8. Mara 100 gawa 4, ni m³ 295. Programu ya kuchorea hapo kazi yake ni kukuonyesha vigingi viko wapi tu, hesabu hata simu inatosha. Kama vigingi vingine vinahitaji kujazwa, hesabu hii itakupa tofauti tu kati ya kukata na kujaza, miraba ya namna hiyo itenge uihesabu mmoja mmoja.

#17 Korosho Safi

Ubarikiwe. Korosho kilo moja ipo yako.

#18 Mpiga Leveli

Sasa mwenye shamba anauliza tipa ngapi. 818 gawa kwa 10, nimwambie 82?

#19 Tipa Mbili, Mikindani

Usithubutu! Mimi nina magari, hapo ndipo tunapogombana na watu. Udongo ukiwa umelala ardhini ni kitu kimoja, ukichimbwa unavimba. Mchanga unavimba asilimia 10 mpaka 15, mfinyanzi 20 mpaka 40, na jiwe, kama haya ya matumbawe tunayovunja huku pwani, 50 na kuendelea. Udongo wenu wa huko wenye mchanga na wekundu kidogo chukua 20. 818 mara 1.2 ni 982, weka tipa 98 au 99.

Na hakikisha bodi la tipa umelipima kwa futi kamba mwenyewe, urefu, upana, kimo. Ukiambiwa "ya mita 10" ukapima ukakuta 8.4, usiniulize nimejuaje.

#20 Planimita ya Zamani

Na bondeni usimwahidi 818. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15. Upana wa wastani m 10, urefu 100, huo ni m³ 150 ambao haufai kujazia chini ya barabara, akatandaze kwenye mikorosho. Unabaki na 668. Ukishindiliwa unajibana kuliko ulivyokuwa ardhini. Kama hamna kipimo cha maabara chukua 0.9, unapata kama 600 ya kujaza. Udongo uleule mmoja, lakini ardhini, kwenye tipa na kwenye tuta una hesabu tatu. Ukiandika m³ bila kusema ipi, utapelekwa kwenye kikao.

#21 Saiti Klaki Mstaafu

Kikao nakijua. Miaka ya nyuma tulijaza njia ya kuingilia kalavati, mwajiri simtaji. Tulikuwa na haraka kwa sababu mvua za Desemba zilikuwa zinanukia, tukamwaga kifusi bila kupima uso wa asili kwa pamoja na upande wao. Kazi imekwisha tunadai m³ elfu na mia mbili. Wakasema bonde halikuwa na kina hicho. Tungeonyesha nini? Bonde lenyewe lipo chini ya kifusi! Tulilipwa theluthi mbili, na tarehe ya kulipwa sisemi.

Tangu hapo leveli za mwanzo zinasainiwa na pande zote mbili kabla greda haijashuka kwenye lori. Hata mwenye shamba, mkalishe chini asaini.

#22 Uraka Baridi

Mvua za huku huwa hazina simile. Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika Somanga, tukakaa huku kama kisiwani. Kifusi kilichojaziwa pale sijui nani alikihesabia prizimoidi.

#23 Ukingo wa Newala

Swali la kizembe. Mimi hata AutoCAD LT sina hela yake. Ninayo LibreCAD ya bure. Nifanyeje?

#24 Kidole Kipanya

Inatosha kabisa. Nenda menyu ya Info, chagua ya kupima eneo la poligoni, bonyeza kona za mkato moja baada ya nyingine ukizunguka, inakuandikia eneo. Washa kudaka ncha za mistari usije ukabonyeza hewani. Kosa langu la jana nimejifunza: chora 1:1.

Au achana nayo, andika koordineti za kona kwenye Excel, safu ya x na safu ya y, zidisha mshazari kushuka, toa mshazari kupanda, gawanya kwa 2. Nina jedwali hilo kwenye simu, mkato wa kona nane ni dakika mbili.

#25 Ukingo wa Newala

Asante. Ila slopu 1:1.5 kwa mchanga wetu mwekundu msiiamini sana, hasa ukingoni huku. Njoo Shimo la Mungu uone maji yanavyokula. Sisi tunalaza zaidi, 1:2, na udongo wa kukata unaongezeka.

#26 Binti Shangani

Kweli. Kwa 0+140 hiyohiyo ukienda 1:2 eneo linapanda kutoka 11.76 mpaka 12.48. Kina kikiwa kidogo haiumi. Kikifika m 5 inakuwa 77.5 dhidi ya 90, hapo mwambie mteja mapema.

#27 Mpiga Leveli

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita, tumemaliza kukata juzi.

Leveli za mwanzo mwenye shamba alisaini, mke wake akasaini pia bila kuombwa. Bodi la tipa tulipima, lilikuwa 9.9 kweli. Nilimwandikia tipa 99. Fomeni alikuwa na daftari lake, kila gari likitoka anachora kijiti, vijiti vitano fungu moja. Jana jioni tumehesabu mafungu ishirini na kijiti kimoja. 101.

Anasema tatu za mwisho ziliondoka nusu, dereva alikuwa anawahi kubeba korosho kupeleka ghalani. Zile krosi seksheni za mwanzo, zenye mdomo wa m 44, ameniomba nimchapishie moja. Ameibandika ukutani kwenye kontena la saiti.